UZI: Wa Mbeya na Iringa mnaopiga dragi (mbio fupi za mstari ulionyooka) na gari za barabarani, njooni tuongee kwa nini giaboksi na difu zinakufa

#1 Spana_Kumi_na_Saba (mleta uzi)

Wakuu habari za muda huu. Wa Iringa na Njombe kamwene, wa Rungwe ndaga.

Nimeona niushushe huu uzi maana kila tukikutana kuna chuma inarudi mjini kwa kuvutwa na kamba, na ukimuuliza mwenye gari anakwambia "injini haina shida kaka, giaboksi ndo imegoma". Sa injini itakuwaje na shida wakati hela yote imeenda huko? Tabo kubwa, intakula, ekzosi, kompyuta ya gari imechezewa na fundi wa Dar, afu klachi, propela (shafti ya kupeleka nguvu nyuma), difu (gia zinazogawa nguvu kwa tairi) na bushi zote ni zile zile zilizotoka nazo Japani miaka ishirini na kitu iliyopita.

Kabla hatujaanza, naongelea dragi ya sehemu iliyofungwa, kuna kibali na kuna watu wa kuzuia wapita njia. Siongelei TANZAM saa nane usiku katikati ya semi za Tunduma, anayetaka huko mimi sina cha kumwambia.

Tupige hesabu kidogo. Chukua Chaser au Mark II yenye injini ya tabo ya 1JZ-GTE VVT-i, kiwandani inatoa toki (nguvu ya kuzungusha) ya 378 Nm. Kwenye giaboksi ya R154 gia namba moja ni 3.251, kwa hiyo propela inapokea kama 1,229 Nm. Difu ya 3.7 nayo inazidisha, ekseli mbili za nyuma zinagawana zaidi ya 4,500. Hiyo ni gari haijaguswa kitu na dereva ameachia klachi kistaarabu. Sasa jamaa anapandisha mpaka rpm 6,000 afu anatoa mguu kwenye klachi kama kakanyaga moto, hapo hutumi tena toki ya injini peke yake, unatuma na nguvu iliyokaa kwenye flaiwili (gurudumu zito nyuma ya injini), na hiyo inakua kwa mraba, yani kutoka 3,000 kwenda 6,000 ni mara nne sio mara mbili, na inamwagwa yote kabla hujamaliza kupepesa jicho. Itaenda wapi? Lazima kitu kiteleze. Kama ni tairi, utaona moshi na wenzio watakucheka. Kama ni klachi, utasikia harufu. Kama vyote viwili vimekataa kuteleza basi kinachofuata ni chuma, na chuma hakitelezi, kinakatika.

Kwa hiyo mimi naichukulia klachi au tairi kama fyuzi, chagua mapema unataka kipi kife kwanza. Kosa ninaloliona sana huku ni mtu kuweka klachi ya seramiki isiyo na springi katikati, tena na tairi laini zinazonata, vyote siku moja. Kaziba njia zote mbili afu anashangaa meno ya gia yamebaki kwenye oili.

Namna ya kuondoka ninayowaelekeza watu: weka gia ya kwanza, shika hendibreki, achia klachi taratibu mpaka gari iinue pua kidogo. Hapo umeondoa plei yote (uwazi kati ya vipande), ya kros (viungo vya propela), ya splaini za ekseli, ya meno ya difu. Ile "KAA!" mnayoisikia gari ikiondoka ni plei hiyo inafungwa kwa kishindo, na kishindo ndo kinavunja kuliko hata hiyo nguvu mnayoiogopa. Ukishaondoa plei, shikilia rpm za wastani, anza na 3,000 hadi 3,500 uone gari inavyojibu, afu lisha klachi kwa haraka lakini usiitupe. Ndio, unaila klachi. Klachi inashushwa na kurudishwa gereji siku moja, R154 nzima nenda kaitafute uone.

Jambo la pili ni gari kurukaruka nyuma. Mnalijua lile, tairi inashika, inaachia, inashika, inaachia, gari inadunda kama inapita kwenye tuta za mahindi. Kila mdundo ni nyundo kwenye ekseli na kwenye kraun na pinioni (gia kubwa na ndogo za difu). Hakuna cha kuvumilia hapo, ikianza kudunda TOA MGUU. Mbio hiyo umeshaikosa, usipoteze na difu. Chanzo mara nyingi ni bushi za sabframu na za difu zimechoka, mauntini za injini na giaboksi zimepasuka, shoki zimekufa, au umevaa rimu za inchi 19 na tairi yenye ukuta mwembamba kama mkanda. Ukuta wa tairi ukiwa mrefu kidogo unajikunja na kumeza kishindo, ndo maana wenye gari za dragi za kweli wanavaa rimu ndogo nyuma na tairi nene. Bushi za poli ni nzuri kwa hili, kelele zitaongezeka ndani, utazizoea.

Na waliokata springi ili gari ilale chini, angalieni draivu shafti zimekaa kwa pembe gani. Sivi jointi iliyopinda sana inabeba mzigo kwa sehemu ndogo tu, hiyo haiwezi kudumu.

Nimeishia hapo, wengine ongezeni.

#2 Mtoto_wa_Soweto

Nina IST ya cc 1300 ila nimekaa palee mbele kabisa na karanga zangu nasoma. Endeleeni wakuu

#3 Kamwene_Mafinga

Mkuu madini ni ya moto ila Subaru umeziruka kabisa na huku Mafinga na Iringa ndo zimejaa. Mimi nina Forester XT manyuo (gia za mkono) ya gia tano. Kuna mshkaji ana kama yangu, siku moja kaondoka vizuri tu, kaingia gia ya pili safi, alipoweka ya tatu ikalia KRRRR na toka hapo gia ya tatu haipo, nyingine zote zinaingia. Tairi hazikuteleza hata kidogo. Nataka kujua na yangu inanisubiri au ni yeye na mikosi yake?

#4 Spana_Kumi_na_Saba

Kamwene, sio mikosi, hilo ni tatizo la ukoo mzima. Ile giaboksi ya gia tano kasha lake limekatwa kwa urefu, vipande viwili vimebanwa kwa boliti. Toki ikizidi shafti mbili zinasukumana, kasha linatanuka kidogo sana, meno yanaanza kushikana kwenye ncha badala ya kukumbatiana vizuri, jino linamenyeka. Gia ya tatu ndo maarufu kwa kufa, ya pili inafuatia. Na kumbuka Subaru inaendesha tairi zote nne, ile fyuzi ya tairi niliyosema pale juu kwako haipo, hasa lami ikiwa kavu. Kwa hiyo klachi ibaki ya kawaida yenye springi, usipande rpm za kishamba, na kwenye kubadili gia toa mguu kidogo, ile ya kubadili huku umekanyaga mafuta mpaka chini waachie wenye giaboksi za mashindano.

Wenye Impreza STI kuanzia kizazi cha GDB walipata gia sita, ile ni chuma ya kweli, na nyuma ina difu ya R180 wakati nyingi za WRX na Forester zina R160 ndogo. Forester STI ya SG9 nayo ilikuja na gia sita. Watu wanazinunua zimetumika na kuzipandikiza, na hapa naomba msome taratibu maana huku ndo watu wanaliwa. Subaru ina difu tatu, ya mbele iko NDANI ya giaboksi, ya katikati inagawa nguvu kati ya mbele na nyuma, na nyingine iko nyuma. Uwiano wa mbele na wa nyuma lazima ulingane (baadhi ya giaboksi zina gia ya transfa inayobadilisha uwiano wa kwenda nyuma, ihesabu na hiyo). Kuna za 4.444, kuna 4.111, kuna 3.9. Ukinunua giaboksi ya 4.111 ukaacha difu ya nyuma ya 4.444, gari itatembea, utafurahi, afu difu ya katikati itakuwa inagombana na pande mbili muda wote mpaka ipate moto na kufa. Kabla ya kulipa zungusha kwa mkono, weka alama ya chaki, hesabu mizunguko. Muuzaji akikataa usizungushe, ondoka.

Hilo hilo ni kwa tairi. Subaru wenyewe wanataka mzingo wa tairi zote nne usipishane zaidi ya robo inchi, kama milimita 6. Sasa mtu kapasua moja ananunua mtumba "inayofanana", tatu zimelika na moja ina meno mapya, afu anaenda kupiga dragi.

#5 Binti_Uyole

Kaka Spana asante. Naomba nilete kitu ambacho sijaona mtu anakiongelea. Nina Altezza ya 3S-GE, haina tabo, gia sita. Hapa Mbeya klachi inashika vizuri kabisa, nikaenda nayo Dar kwa shughuli za familia, huko ikaanza kuteleza gia ya nne na ya tano nikikanyaga. Nimerudi juu, imetulia tena. Fundi mmoja akaniambia ni joto la Dar, mwingine akasema nimeloga gari 😂

#6 Spana_Kumi_na_Saba

😂😂 Dada haijalogwa. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Injini isiyo na tabo hapa inapoteza karibu moja ya sita ya nguvu yake. Ukishuka Kitonga ukaendelea mpaka pwani, ile nguvu inarudi yote, klachi iliyokuwa inaibeba kwa shida huku juu kule inazidiwa. Kwa kifupi klachi yako imelika, huku ilikuwa inafichwa na mwinuko. Badilisha kabla hujarudi huko.

Wa tabo nao wasicheke. Ukisoma 1 bar kwenye geji hapa na 1 bar Dar sio hewa ile ile, maana geji inahesabu juu ya hewa ya nje. Kule unapata kama sehemu moja ya kumi zaidi. Na wengi huku wakiona gari imepungua nguvu wanaongeza busti (presha ya tabo) kufidia, afu wanashuka nayo hivyo hivyo kwenye mashindano ya pwani. Giaboksi iliyozoea maisha ya Uyole inakutana na toki ambayo haijawahi kuiona. Kama umetune juu, shusha busti kabla ya kushuka.

#7 Boda_Bingwa_Mwanjelwa

acheni uoga nyie weka klachi ya seramiki ya vidole sita gari iondoke, mnaongea kama mnasafirisha mayai. mimi nina mshkaji ana chaser mwaka wa pili huu anatupa klachi na haijawahi kuvunjika kitu

#8 Spana_Kumi_na_Saba

Anavaa tairi gani?

#9 Boda_Bingwa_Mwanjelwa

za kawaida tu za kichina, zinatoa moshi balaa

#10 Spana_Kumi_na_Saba

Basi umejijibu mkuu. Fyuzi yake ni tairi. Siku akinunua tairi za kunata mwambie aje humu kwanza.

#11 Mzee_wa_Kukereza

Vijana wangu habarini. Mimi ni mtu wa mashine ya kukereza chuma, kazi hii nimeifanya tangu wengi wenu hamjazaliwa. Naomba niseme mambo mawili ambayo hayahusu giaboksi yanahusu miguu yenu.

La kwanza, mnaniletea flaiwili za kiwandani mnataka nizipunguze ziwe nyepesi. Nakataa, na mtu anaondoka kwa hasira anaenda kwa mwingine anapunguziwa. Flaiwili nyingi za kiwandani ni chuma cha kumimina. Chuma cha kumimina kikikonda na kikapata moto wa klachi kinaweka nyufa ndogo ndogo huzioni kwa macho, siku unazungusha 7,000 kinapasuka, na vipande havibaki ndani ya kasha la klachi, vinapita kwenye bodi. Hilo kasha limekaa karibu na miguu ya dereva. Kusawazisha uso kidogo ili klachi mpya ikae vizuri hiyo ni kazi ya kawaida, nafanya. Kuikondesha hapana. Anayetaka nyepesi anunue iliyotengenezwa kwa chuma cha kufua, yenye cheti cha mashindano.

La pili propela. Mnazikata, mnaziunganisha, mnachomelea, inarudi kwenye gari bila kupimwa balansi. Ukiendea mjini utasikia mtetemo tu utavumilia. Kwenye kasi hiyo mnayokwenda inakula beringi ya katikati, inakula sili ya mkia wa giaboksi, na kros ya mbele ikikatika ile bomba inaanguka lami na kuchimba, gari inaweza kujiinua juu yake. Fungeni pete ya chuma chini ya propela, upande wa mbele, ishikwe na bodi. Ni bati nene na boliti nne, hata mimi nitakutengenezea hapa hapa. Ikikatika itaning'inia kwenye pete.

#12 Kamwene_Mafinga

Shikamoo mzee. Hii ya pete naifanyia kazi wiki hii, na mshkaji wa Mark II nimemtagi.

#13 Mzee_wa_Kukereza

Marahaba.

#14 Mkazi_wa_Igawilo

Sisi tunaoishi kando ya barabara tunawasikia usiku. Vijijini mwisho ni 50 na watoto wanavuka alfajiri kwenda shule. Mnaongea kitaalamu sana humu lakini wenzenu hawafungi barabara yoyote.

#15 Spana_Kumi_na_Saba

Uko sahihi na sina cha kujitetea kwa niaba yao. Wataje kwa trafiki, mimi nitakuunga mkono.

#16 Jembe_la_Njombe

Wakuu na sisi wa otomatiki tumetengwa? Nina Mark X GRX120, kuna jamaa kanifundisha niweke N, nikanyage mpaka 4,000 afu nisukume D, inaruka kinoma. Je ina madhara?

#17 Spana_Kumi_na_Saba

Jembe, leo leo acha. Huyo jamaa hakupendi. Ukitoka N kwenda D na rpm hizo, klachi pleti za ndani zinafungwa kwa kishindo huku injini inazunguka na tairi zimesimama, na ile beringi ya ndani inayozunguka upande mmoja tu inapigwa nyundo. Hiyo ndo njia fupi kuliko zote ya kuua otomatiki.

Otomatiki unaiondoa hivi: D, mguu wa kushoto breki, wa kulia mafuta kidogo mpaka tabo ianze kujaa kwa wenye tabo, au mpaka gari ianze kusukuma kwa wasio nayo, afu achia breki. Usikae hapo. Kwenye vitabu vya ufundi vya Toyota ile tesiti ya kukanyaga breki na mafuta pamoja wanasema isizidi sekunde 5, kwa sababu nguvu yote ya injini wakati huo inageuka moto kwenye haidroliki (oili ya giaboksi ya otomatiki), hakuna sehemu nyingine inakokwenda. Sa mtu anashikilia anasubiri taa, anashikilia tena anapiga picha. Ukishapiga mbio moja tembea pole pole uipoze kabla ya nyingine. Ongeza rejeta ndogo ya haidroliki mbele, hiyo nitaiweka juu ya kila kitu kwa otomatiki, na utaishukuru hata ukiwa unapanda Kitonga nyuma ya lori la mbao. Chomoa dipstiki kama gari yako inayo, nusa. Ikiwa ya kahawia na inanuka kuungua, huna gari ya dragi kwa sasa. Na usichanganye aina, Mark X inatumia WS, za zamani kama Mark II zinatumia T-IV, "haidroliki nyekundu yoyote" sio jibu.

Wenye Golf za DSG (otomatiki ya klachi mbili) mjue mko na vitu viwili tofauti: gia sita ya klachi za kwenye oili imetengenezwa kwa toki ya 350 Nm, na gia saba ya klachi kavu, ile inayofungwa kwenye Golf za kawaida zenye injini ndogo, ni 250 tu. Mtu anaongeza kompyuta inatoa 400 bila kuuliza anayo ipi. Ya gia sita oili na filta ni kila kilomita 60,000, kwa anayepiga dragi mapema zaidi ya hapo.

#18 Binti_Uyole

Na oili za manyuo je? Maana asubuhi ya mwezi wa saba huku kwetu gia ya pili haiingii kabisa mpaka nifike Mafiati.

#19 Spana_Kumi_na_Saba

Dada hiyo ni oili nzito imeganda na baridi, ile geji ya joto kwenye dashibodi ni ya maji ya injini tu, giaboksi na difu zinachelewa sana nyuma yake. Injini ikiwa tayari usidhani na difu iko tayari. Endesha kilomita kadhaa kwa upole, pandisha na kushusha gia, ndo uende kwenye mstari. Kupiga gari ya baridi saa kumi na mbili asubuhi Juni ni kuitafutia ubaya tu.

Aina: 75W-90 inatosha kwa wengi. Watu wanachanganya madaraja ya oili ya GL-4 na GL-5. GL-5 ina kemikali nyingi za kulinda meno ya difu, baadhi yake hazipatani na shaba ya sinkronaiza (pete zinazolinganisha kasi ya gia) kwenye giaboksi zilizoandikiwa GL-4, kwa hiyo soma kitabu cha gari yako. Subaru manyuo ni GL-5 kwa sababu giaboksi na difu ya mbele zinakunywa oili moja. Difu yenye LSD ya pleti (inayozuia tairi moja kuzunguka peke yake) inataka oili ya LSD, ukiweka ya kawaida itanguruma kwenye kona na pleti zitalika.

#20 Kamwene_Mafinga

Spana nimemwaga oili ya giaboksi leo baada ya kusoma humu. Kwenye nati ya kumwagia ina sumaku, imejaa uji wa kijivu na kuna kipande kimoja kama ncha ya kucha. Niogope?

#21 Spana_Kumi_na_Saba

Uji wa kijivu ni kawaida, ni kusagana kwa meno. Hicho kipande ndo nakitaka. Kifute, kishike kwa kidole: kikiwa chembamba na kimejikunja kama unyoya ni uchafu wa zamani wa kukereza au ukingo wa kitu. Kikiwa kinene, kina pembe, na upande mmoja unang'aa laini kama kioo, hilo ni jino, usiiwashe tena hiyo gari hata kwenda dukani.

#22 Kamwene_Mafinga

Upande mmoja unang'aa.

#23 Spana_Kumi_na_Saba

Basi iache hapo ilipo ndugu yangu. Kabla hujaanza kutafuta ya gia sita, lala chini ya difu ya nyuma unisomee stika ya uwiano kama bado ipo, kama imefutika piga chaki uhesabu mizunguko ya propela kwa mzunguko mmoja wa tairi, zote mbili za nyuma ziwe juu na zizunguke pamoja. Leta namba hapa, nitakwambia utafute giaboksi ya uwiano gani.

#24 Mtoto_wa_Soweto

karanga zimeisha, naenda kununua nyingine narudi